Nguo na vifaa vya mtoto vilivyotumika: bei unaanzia wapi?

SWALI: Habari dada. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Njiro, Arusha. Sitarajii kuzaa tena, kwa hiyo nataka kuuza vitu vya watoto nyumbani kwangu, getini, siku moja ya wikiendi. Nina nguo za mifuko mitatu ya salfeti, kuanzia za mtoto mchanga hadi miaka mitatu. Nina kitanda cha mninga nilichochongesha kwa fundi kwa 240,000, kigari cha kusukuma nilichonunua 300,000, siti ya mtoto ya kwenye gari niliyoachiwa na mgeni mmoja alipohama, woka ya kujifunzia kutembea, na pampu ya kukamulia maziwa. Mtandaoni nimesoma kwamba kitu kilichotumika kinauzwa nusu ya bei yake. Nifuate hivyo? Halafu kuna jirani anakitaka kigari, ila anaomba alipe kidogo kidogo.

JIBU: Hiyo nusu bei, mama, kwenye nguo isahau kabisa. Walioiandika wengi wanaishi Ulaya na Marekani, ambako mteja analinganisha nguo yako na ile mpya ya dukani. Mteja wako wa Njiro analinganisha na belo la mitumba lililofunguliwa soko la Kilombero asubuhi ile, na ndani ya belo hilo kuna nguo za chapa za nje kama Carter's na Next ambazo hazijafuliwa mara tano. Kwa hiyo kabla hujaandika bei yoyote, nenda Kilombero, au Tengeru siku ya soko, ukaulize kama mnunuzi. Ukiwa na ndugu Moshi, mtume kwenye masoko ya Memorial au Kiboriloni. Bei utakayoambiwa baada ya kupatana, siyo ile ya kutajiwa mwanzo, ndiyo dari lako. Wewe kaa chini yake kidogo, maana kwako hakuna uchaguzi mkubwa kama sokoni.

Jambo la pili linawashangaza akina mama wengi. Ulichonunua kipya madukani si lazima kiwe ghali kuliko ulichonunua mtumba. Gauni la dukani la kitambaa chepesi likifuliwa miezi sita linatoa vinyweleo na rangi inakwenda. Bodisuti ya pamba nzito iliyotoka kwenye belo inaweza kulea watoto wawili na bado ikasimama. Mteja anashika kitambaa, risiti yako haimhusu.

Sasa panga kwa umri. Usipange kwa uzuri. Nguo za mchanga hadi miezi mitatu karibu zote zitakuwa nzima, kwa sababu mtoto anazivaa wiki chache tu na hatambai. Ndiyo maana ziko nyingi kila mahali na bei yake ni ndogo. Hizo usiuze moja moja: funga seti, bodisuti tatu, kofia, soksi na shawli, ziweke kwenye mfuko unaoonyesha ndani. Anayekwenda kumwona mzazi atachukua seti ya 10,000 bila maneno mengi, wakati bodisuti hizohizo zikiwa zimetawanyika kwenye turubai atakuambia mia tano. Kuanzia mwaka mmoja na nusu mambo yanageuka. Mtoto ameshaanza kuburuza magoti, suruali nzima ni chache, na hapo unaweza kusimamia bei. Jinzi ya miaka miwili yenye magoti mazima na lastiki inayovuta, mimi ningeanzia 4,000 na kuachia kwa 3,000. Masweta na majaketi yatoe pembeni kabisa. Ukiuza Mei au Juni, kabla baridi ya Arusha haijakaza, sweta linajiuza lenyewe, Desemba utabembeleza.

Kila nguo ikague sehemu nne: shingo, vifungo vya kubana vya kati ya miguu, lastiki ya kiuno, na magoti. Nguo iliyokaa kwenye mfuko mwaka mzima huota umanjano shingoni hata kama iliwekwa ikiwa safi. Ni maziwa yaliyobaki kwenye nyuzi. Loweka na limau, anika juani, kisha ndiyo upange bei. Ikikataa kutoka, iende kwenye fungu la mia tano. Chupi usiziweke kabisa: nguo za ndani zilizotumika haziruhusiwi kuuzwa nchini.

Vifaa vina hesabu nyingine, kwa sababu havijajaa sokoni kama nguo. Hapo nusu bei inaweza kukaribia ukweli, lakini inategemea wanunuzi ni wangapi. Mama wengi wa hapa wanabeba kwa mbeleko na wataendelea kubeba kwa mbeleko. Kigari kinatafutwa na watu wachache wa Njiro, Sakina na Shanty Town ya Moshi, na wengi hawatapita getini kwako siku hiyo. Kwa hiyo piga picha, weka kwenye status ya WhatsApp wiki mbili kabla. Kabla ya kutaja bei, kisukume sebuleni ukiwa umeachia mkono mmoja. Kikivuta upande, gurudumu la mbele limeliwa na moramu ya barabara zetu. Kanyaga breki na ukisukume. Kikunje na kukikunjua, usikie ile kufuli ikilia. Vuta mkanda wa mtoto. Vyote vikijibu, anzia 150,000. Breki ikiteleza, itengenezwe kwanza, usiuze ukitegemea kumwambia mtu "utarekebisha".

Kitanda cha mninga ndicho mali yako ya uhakika. Pima nafasi kati ya fito: kopo la soda likipita, nafasi ni kubwa mno na mwili wa mtoto unaweza kuteleza ukapita, kichwa kikanasa. Fundi anaweza kuongeza fito kabla ya kuuza. Kikiwa sawa, 120,000 hadi 130,000 bila godoro. Godoro liuze peke yake kwa bei ndogo au litoe kama nyongeza, maana mnunuzi ataliinamia na kulinusa mbele yako, na harufu ya mkojo ikimfika, atashusha bei ya kitanda pia.

Siti ya gari: igeuze chini. Kuna tarehe ya kutengenezwa, na mara nyingi tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo kwa kampuni nyingi ni kati ya miaka 6 na 10. Ila tatizo kubwa ni kwamba hujui kama iliwahi kuwa kwenye ajali. Siti iliyopata ajali inaweza kuonekana nzima na isimshike mtoto. Kama huna namna ya kumuuliza mgeni wako, usiiuze kwa bei yoyote, wala usiigawe. Kata mikanda kabla ya kuitupa, vinginevyo itaokotwa na kurudi barabarani.

Woka nayo ningeiacha. Kanada ilipiga marufuku kuuzwa kwake mwaka 2004 kwa sababu ya watoto kuporomoka kwenye ngazi, na nyumba zetu, mbali na hizo ngazi, zina jiko la mkaa sakafuni. Pampu ya maziwa nyingi hutengenezwa kwa mtumiaji mmoja, maziwa yanaweza kuingia mpaka ndani ya mota ambako huwezi kuchemsha. Kama kijitabu chake hakisemi inafaa watu zaidi ya mmoja, iache.

Siku yenyewe: Jumamosi utawakosa Wasabato, nao ni wateja wazuri, Jumapili mchana baada ya ibada, mwisho wa mwezi, ni bora. Bei zote ziishie kwenye 500 au 1,000, na uwe na chenji na Lipa Namba. Kabla ya siku hiyo muulize mama yeyote wa mitumba angechukua mfuko mzima kwa shilingi ngapi. Hapo ndipo sakafu yako, na jioni mabaki yote yaende kwake kwa taslimu. Akitaka mali kauli, kataa kwa upole, kwa sababu nguo za mafungu hazina hesabu na mtagombana.

Jirani yako mpe, lakini kwa utaratibu. Alipe kwa awamu tatu, kigari kikae kwako mpaka amalize, na kila akilipa mwandikie kwenye karatasi. Bei iwe ile ya mwanzo, 150,000. Punguzo la mtu anayelipa leo si la anayelipa kwa awamu, na ukimweleza hivyo mapema hatakasirika.