Kupanga na kuitangaza filamu fupi ya taharuki ya wanafunzi: jibu kwa mleta mada

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba wewe na wenzako wanne mko mwaka wa pili chuoni hapa Dar es Salaam, kwamba mmepewa kazi ya kutengeneza filamu fupi ya taharuki isiyozidi dakika kumi, na kwamba mnataka kujua namna ya kuipanga ikamilike kabla ya muhula kwisha na namna ya kuitangaza ili itazamwe na watu wengine zaidi ya mwalimu na marafiki zenu. Nimeongoza filamu za namna hiyo nilipokuwa mwanafunzi, na sasa kazi yangu ni uhariri, ambapo kila mwaka filamu za wanafunzi hupita mezani kwangu. Nitayajibu maswali yako yote mawili kwa pamoja, kwa sababu naamini kabisa kwamba katika filamu ya taharuki ni swali moja: mtazamaji anajua nini, anakijua wakati gani, na mhusika anajua nini wakati huohuo. Mkilijibu hilo kabla ya kushika kamera, skripti, ratiba na tangazo vyote vitakuwa vimepata msingi.

Nitumie mfano wa filamu tuliyoipiga Sinza, katika nyumba ya kupanga yenye ua mmoja na vyumba vinavyotazamana, kila chumba na mita yake ya umeme ukutani. Hadithi ilimhusu dada anayeishi peke yake jirani na chumba ambacho mama mwenye nyumba amesema ni kitupu, mpangaji wake ameshahama. Sini ya kwanza, yaani tukio la kwanza la mahali na wakati mmoja, ni ya usiku: tunaona mkono tu, unaingiza tarakimu 20 za tokeni ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, kwenye mita ya chumba hicho kitupu, mita inalia kukubali, mwanga unatokea chini ya mlango kwa muda mfupi, kisha unazimwa. Asubuhi yake dada anaanika nguo mbele ya mlango uleule huku akiimba. Kuanzia hapo, kila anapopita pale, mtazamaji anabana pumzi ilhali mhusika hana habari. Hakuna anayefukuzwa, hakuna bastola, hakuna damu, na bado watu waliketi wakiwa wamekunja ngumi.

Wakati wa kuandika, mwenzetu mmoja alipendekeza tufiche kila kitu hadi mwisho, halafu mtu ajitokeze ghafla mlangoni. Tulibishana sana. Njia ile ingemshtua mtazamaji kwa sekunde moja, lakini dakika zote za kabla yake zingekuwa za mwanamke anayeanika nguo na kupika chai. Kumpa mtazamaji siri mapema ndiko kulikozijaza dakika hizo hofu. Hivyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla ya skripti, chukueni karatasi mchore safu tatu, moja ya mtazamaji, moja ya mhusika mkuu na moja ya yule anayemtishia, kisha kwa kila sini andikeni kila mmoja anajua nini sini inapoanza na inapokwisha. Sini ambayo haibadilishi chochote katika safu yoyote, iondoeni bila huruma hata kama ina mazungumzo mazuri. Sini za namna hiyo ndizo ninazozikata mara nyingi zaidi mezani kwangu, na nyingi ni za mhojiwa na askari wakizungushana maneno kituoni.

Nikiwa hapo hapo kwa askari: ningewasihi msiwaweke kabisa kwenye hadithi yenu. Sare za majeshi yetu si vazi la kuazima tu, zinahitaji ruhusa ya wenyewe, na bastola ya bandia inayoonekana barabarani inaweza kuwaletea hatari ya kweli, kwa kuwa mpita njia hana namna ya kujua kwamba mnaigiza. Taharuki ya wanafunzi inanawiri kwenye vitu vya kawaida vilivyo mahali pasipo pake: simu inayoita ndani ya chumba kilichofungwa, kandambili za kiume mlangoni kwa mwanamke anayeishi peke yake, ndoo ya maji iliyojazwa na mtu asiyejulikana. Vitu hivyo havina gharama, na kila mtazamaji wa hapa anavijua kwa mazoea ya kila siku, kwa hiyo vinamgusa haraka kuliko jumba la kifahari ambalo hata hivyo hamtaweza kulipata.

Kwa hesabu ya kawaida, ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa vizuri hutoa takriban dakika moja ya filamu. Kama mmepewa dakika kumi, andikeni kurasa saba au nane, kwa sababu taharuki inahitaji ukimya, na ukimya hauonekani kwenye karatasi. Kundi la wanafunzi lenye kamera moja likimaliza kurasa mbili au tatu kwa siku limefanya kazi nzuri. Pangeni siku zenu kwa kufuata lokesheni na waigizaji, wala si kwa kufuata mtiririko wa hadithi. Sini zote za uani zipigwe pamoja, hata kama moja ni ya mwanzo na nyingine ya mwisho. Kalenda nayo ina usemi wake: kuanzia Machi hadi Mei ni masika, na mvua ikipiga juu ya bati hakuna maikrofoni itakayowaokoa.

Suala la vibali liwekwe wiki za mwanzo kabisa. Filamu nchini zinasimamiwa na Bodi ya Filamu Tanzania kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, ambayo inadai kibali cha kupiga picha na pia ukaguzi wa filamu kabla ya kuonyeshwa hadharani. Ombeni barua ya utambulisho chuoni, mwende nayo Bodi mkaulize utaratibu wa kazi za wanafunzi, kisha nakala mpeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mtakakopigia. Msimpuuze mwenyekiti huyo wala mjumbe wa shina. Majirani wakisikia mwanamke anapiga kelele saa nne usiku watatoka na marungu, na watakuwa na haki. Mjumbe akiwa ametaarifiwa, yeye ndiye atakayewatuliza. Mkitaka kurusha ndege isiyo na rubani, hiyo ni ruhusa nyingine kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa maoni yangu filamu ya chumba kimoja haihitaji picha ya angani.

Sasa upigaji wenyewe. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo wekeni kamera kwenye fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde, na shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde, la sivyo baadhi ya taa za ndani zitaonekana zikipepesa kwenye picha na hakuna mhariri atakayeziponya. Mkitaka ule mwanga wa magharibi, kumbukeni kwamba tuko karibu na ikweta na giza huingia upesi: jua likishazama mna takriban dakika 20 za mwanga unaofaa, basi fanyeni mazoezi mchana kutwa na kupiga iwe ni kwa hizo dakika tu. Sini za usiku za ndani zinaweza kupigwa mchana kwa kuziba madirisha na mlango kwa vitambaa vizito vyeusi. Jueni tu kwamba chumba kitakuwa tanuri, kwa sababu feni lazima izimwe. Wekeni maji ya kunywa, wapumzisheni waigizaji kila baada ya teki chache, yaani kila mnaporudia kupiga sini ileile mara chache, na taulo liwe karibu, kwani jasho la teki ya tano halilingani na la teki ya kwanza.

Kuhusu sauti nitakaa kidogo, kwa kuwa hapo ndipo filamu nyingi za wanafunzi huporomoka. Mtazamaji huvumilia picha yenye chembechembe, lakini sauti mbovu humtoa kwenye hofu papo hapo. Maikrofoni ya juu ya kamera haitoshi. Azimeni maikrofoni ya fimbo na kinasa sauti, na mmoja wenu asifanye kazi nyingine yoyote ila sauti. Kabla ya kuchagua nyumba, nendeni mkakae ndani yake kimya saa ileile mtakayopiga, msikilize: kunguru, bajaji, jenereta ya jirani, baa ya mtaa wa pili, adhana. Adhana si adui, isipokuwa ikiingia katikati ya mazungumzo itawalazimisha kurudia, hivyo chukueni nyakati zake mziweke kwenye ratiba. Mkimaliza kila lokesheni, watu wote wasimame bila kusogea huku mkirekodi ukimya wa mahali hapo kwa sekunde 30 hadi dakika moja, wa kuzibia mapengo ya sauti kwenye uhariri. Katika ile filamu ya Sinza, mlio wa mita tuliurekodi peke yake, karibu kabisa, usiku wa manane, kila kibonyezo kwa nafsi yake. Kwenye uhariri tuliuweka mara tatu tu katika filamu nzima. Mara ya tatu unasikika huku kamera ikiwa usoni kwa dada kitandani. Mita haionyeshwi, na hakuna aliyehitaji kuonyeshwa.

Muziki wenyewe uwe wenu. Mkichukua wimbo wa msanii mkubwa, YouTube itautambua, na matamasha yatawadai uthibitisho wa haki ambao hamna. Tafuteni mwanafunzi wa muziki, mwandikiane makubaliano ya ukurasa mmoja, na waigizaji pia watie saini hati ya ridhaa siku ya kwanza, kwa sababu kumtafuta mtu baada ya miezi sita ni taabu kubwa. Bajeti ikiwa ndogo, chakula na nauli vitangulie kila kitu kingine, na waigizaji wa kike wanaomaliza usiku wafikishwe hadi mlangoni kwao.

Sasa nije kwenye matangazo, na hapa ile karatasi ya safu tatu inarudi mezani. Tangazo la filamu ya taharuki linatakiwa kumpa mtu kile ambacho mtazamaji anakijua mwishoni mwa dakika ya kwanza, basi. Trela nyingi za wanafunzi hunimalizia filamu nzima, pamoja na uso wa mhalifu. Sisi tulikubaliana kwamba hakuna picha yoyote ya baada ya dakika ya pili itakayotoka. Posta ilikuwa mita ukutani na mlango uliofungwa, na mstari mmoja: “Hakuna anayeishi humu. Nani ananunua umeme?” Mstari huo ulifanya kazi kubwa kuliko trela, kwa sababu watu walianza kujibizana wao kwa wao kwenye makundi ya WhatsApp nani anaweza kuwa yule mtu.

Malighafi ya matangazo ikusanywe siku zilezile za kupiga, maana mkishatawanyika hamtaipata tena. Mteueni mtu mmoja wa kupiga picha mnato za ubora wa juu: nyuso za waigizaji wakiwa ndani ya uhusika, kundi likiwa kazini, kifaa kimoja muhimu cha hadithi. Pigeni pia baadhi ya shoti kwa simu iliyosimamishwa wima, kwa ajili ya TikTok na status za WhatsApp, kwa sababu ukiikata picha pana ili iwe wima mara nyingi unapoteza kile kilichojificha pembeni, na katika taharuki kilichojificha pembeni ndicho chenyewe. Trela isizidi dakika moja, na sekunde zake tatu za kwanza ziwe na sauti au swali la kumzuia mtu asipitilize.

Nawaomba kwa dhati msifanye jambo moja ambalo nimeona likipendekezwa mara nyingi: kusambaza tangazo la uongo la mtu aliyepotea, au ujumbe wa simu unaofanana na wa kweli, ili watu waingie hofu halafu wagundue kwamba ni filamu. Kuna familia zinazotafuta watu wao kwa uchungu wa kweli, na kila tangazo la mzaha linapunguza uzito wa lile la haki. Isitoshe, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inagusa moja kwa moja uchapishaji wa taarifa za uongo. Jina la filamu na neno “filamu” vionekane kwenye kila mnachokituma.

Baada ya kukamilisha, msikimbilie kuiweka mtandaoni. Baadhi ya matamasha hayapokei filamu ambayo tayari iko wazi kwa umma, kwa hiyo someni masharti kwanza. ZIFF, yaani Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ambalo maonyesho yake makubwa hufanyika Ngome Kongwe, linapokea filamu fupi, na kwenye majukwaa ya kutuma maombi kama FilmFreeway matamasha mengi yana ada nafuu kwa wanafunzi. Andaeni tafsiri ya Kiingereza ya maandishi chini ya picha, ifanywe na mtu anayezijua lugha zote mbili vizuri, na muhtasari wa sentensi mbili usiofichua mwisho. Mkisubiri majibu, fanyeni onyesho moja chuoni na jingine katika mtaa mliopigia; hilo la mtaani lina thamani yake ya pekee, kwani wale majirani waliozima redio kwa ajili yenu wana haki ya kuiona kwanza. Ketini nyuma, msitazame filamu, watazameni watu. Pale wanapoanza kushika simu zao, andikeni dakika na sekunde, kisha mrudi kwenye uhariri kabla ya kutuma nakala ya mwisho.

Majibu ya matamasha yakishatoka ndipo muiweke YouTube, kwa siku mliyoitangaza wiki mbili kabla, ikiwa na posta ileile watu waliyokwisha kuizoea na majina ya kila aliyefanya kazi yakiwa yameandikwa kwenye maelezo.