Ibada ya "Mikono ya Yesu": vijana tumevutana, tuanzie wapi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni katibu wa vijana kwenye usharika mmoja wa Kilutheri huku Morogoro. Mchungaji katupa Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka tuandae ibada, tukachagua kichwa "Mikono ya Yesu". Sasa tumevutana, wengine wanataka kanisa zima litawadhane miguu, wengine wanataka igizo la kupigilia misumari na damu ya rangi, na masomo tumeorodhesha karibu kila mahali Yesu aliponyosha mkono. Wazee wa kanisa washaanza kuguna kwamba tutafanya tamasha. Tusaidieni.
Katibu, Morogoro

JIBU: Ameni katibu, na hongereni sana, kichwa ni kizuri mno na Jumapili yenyewe imewaangukia vizuri, manake makanisa mengi siku hiyo husoma Yohana 20, habari za Tomaso, yule mwanafunzi aliyekataa kuamini kwamba Yesu kafufuka mpaka aone na kugusa alama za misumari. Hilo ndo liwe somo lenu kuu. Yale mengine yapunguzeni mpaka yabaki mawili. Najua inauma, kuna Petro anazama, kuna watoto wanabarikiwa, kuna sikio la yule mtumwa wa kuhani mkuu, ila mkiyasoma yote hamna hata moja litakalomkaa mtu moyoni.

Mi ningeanza na Marko 1:40-45, mwenye ukoma. Kwa torati (Walawi 13) huyu alitakiwa akae peke yake nje, nguo zimeraruliwa, na apige kelele mwenyewe "Ni najisi, ni najisi" ili watu wampishe. Sasa angalieni Marko anavyosimulia, Yesu akanyosha mkono wake, akamgusa, NDIPO akasema "Nataka, takasika". Yani kamgusa ukoma ukiwa bado uko pale pale mwilini! Na angeweza kabisa kusema neno tu, mtumishi wa yule akida, mkubwa wa askari, alipona Yesu akiwa mbali, lakini huyu ni mtu ambaye kila mmoja alikuwa anamkwepa, Bwana akaona aanze na mkono. Msomaji wenu afanye mazoezi hapo, akifika "akamgusa" atulie kidogo, asikimbilie uponyaji.

Igizo la misumari naomba muachane nalo kabisa. Injili zote nne zikisimulia kusulubiwa hazituonyeshi misumari ikipigiliwa, zinasema tu walimsulubisha, misumari tunakuja kuisikia kinywani mwa Tomaso. Kama waandishi wenyewe hawakutaka kutuonyesha, nyie mnamwaga damu ya rangi ya nini, tena watoto wa Sande skuli wamekaa benchi za mbele, na Ijumaa Kuu imeshapita? Fanyeni igizo la Tomaso, dakika tano zinatosha, na hapa muwe makini, asiweke kidole kwenye jeraha. Yohana hasemi kwamba aligusa. Yesu anamwambia alete kidole chake, na kinachofuata ni Tomaso kusema "Bwana wangu na Mungu wangu!" basi. Halafu mhubiri akae hapo hapo kwenye makovu, kwamba Bwana kafufuka, kaburi kalishinda, lakini makovu kaja nayo na hakuyaficha, na kwa hayo hayo wanafunzi wakamjua. Kuna mtu atakuja siku hiyo na msiba wake au ndoa iliyovunjika, anahitaji kusikia hilo kuliko kitu kingine chochote.

Kutawadhana miguu kuacheni, siku yake ni Alhamisi Kuu. Kanisa zima litakula muda wote, na kumvua mtu viatu mbele za watu bila kumwandaa ni kumwaibisha, hata Petro alikataa mwanzoni Yesu alipotaka kumtawadha. Badala yake wapeni watoto manila na kalamu Jumamosi, kila mmoja achore kiganja chake na aandike ndani jina la mtu anayemwombea, mbandike ukutani, kisha mmoja wao asome Isaya 49:16, "nimekuchora katika vitanga vya mikono yangu".

Kuhusu wazee, msiguse liturgia. Toba, imani, sadaka vibaki mahali pake. Wapelekeeni ratiba mapema waione kwenye karatasi, mara nyingi wanaguna kwa sababu hawajashirikishwa.

Somo la mwisho liwe Luka 24:50, Yesu anainua mikono yake na kuwabariki, lisomwe kabla tu ya mchungaji kutoa baraka, naye ainue yake.

La mwisho, kama usharika wenu una mtu aliyepoteza mkono au vidole, kwa ajali au kwa ugonjwa, mfuateni nyumbani kabla ya Jumapili mumwambie kichwa cha ibada, na kiongozi asitangaze "kila mtu ainue mikono yote miwili". Akikubali, mpeni yeye somo la Tomaso alisome.