Barua kwa Nekesa, kuhusu stendi ya kijani na mambo mengine

Mwanangu Nekesa,

Salamu nyingi. Huku Nakuru hatujambo, mvua imechelewa, na goti langu ni lile lile. Barua yako imefika pamoja na kurasa ulizonichapishia kuhusu akina Hall wa Kansas City na akina Sapirstein wa Cleveland, wale wenye kampuni kubwa za kadi huko Marekani. Nimezisoma zote, hata maandishi madogo ya chini. Unauliza kama ni sawa tumwuzie yule bwana wa Nairobi asilimia 40 ya biashara yetu ya kuchapa kadi, naye alete pesa za mashine mpya na kutufungulia Eldoret na Kisumu. Tena unauliza familia zile za Marekani ziliwezaje kuishi kwa kadi zaidi ya miaka mia moja bila biashara kuwatoka mikononi.

Nitakujibu. Lakini acha nianze na stendi ya kijani.

Najua unaijua habari yake. Unaijua kama alivyoisimulia marehemu baba yenu wageni wakija, na watu wakicheka. Mimi sikuwahi kuicheka. Alimlipa fundi wa jua kali akaichomelea kwa vyuma vya pembe, ngazi saba za kuwekea kadi, akaipaka rangi mwenyewe pale uani, na nyasi zilibaki kijani hata kiangazi. Meneja wa supamaketi moja hapa mjini, jina lake liachwe alipo, alikuwa ametuambia tuilete tuiweke karibu na keshia. Tukaileta kwa mkokoteni. Ilikuwa Septemba, na tuliijaza kadi za sakses, zile za kuwatakia heri watahiniwa.

Nyinyi mliosoma bweni mnakumbuka Oktoba ilivyokuwa siku hizo. Mtahiniwa asiyepata kadi alionekana hana watu. Kadi zilipangwa juu ya masanduku, zikahesabiwa, na zile za kuimba zenye betri zikafunguliwa usiku mpaka matroni akapiga kelele. Zetu hazikuimba. Zetu zilikuwa na yule flamingo wa baba yenu aliyevaa kofia ya mahafali. Rangi yake ya waridi tuliichanganya wenyewe, wino mwekundu na mweupe, na kwa kuwa mashine ilipiga rangi moja moja, mdomo wa ndege mara nyingine uliangukia shingoni. Zilinunuliwa hivyo hivyo. Keshia alituambia watu wanaziulizia.

Halafu Oktoba yenyewe, pale biashara inapochemka, baba yenu akaenda kujaza stendi akakuta haipo. Penye stendi yetu pamewekwa nyingine inayong'aa, ya kuzunguka, imejaa kadi zilizotoka ng'ambo. Akaizunguka supamaketi yote. Akaipata nyuma, kando ya ndoo na mifagio, imepangwa malapa. Malapa, Nekesa, jozi kwa jozi, kwenye ngazi alizozipimia upana wa kadi. Aliposema anaichukua stendi yake, akaulizwa karatasi inayoonyesha kuwa ni yake. Hakukuwa na karatasi. Wakati ule nani alikuwa akiandikiana kwa ajili ya stendi? Basi akanunua jozi moja ya malapa, akalipa, akadai risiti, akaja nayo nyumbani. Kadi zilizobaki tulirudishiwa kwenye boksi la sabuni, na hundi ya zile zilizouzwa ilikuja baada ya Pasaka.

Ndiyo maana nawaambia siku zote, na mnachoka kunisikia: stendi ni ya mwenye ukuta. Kadi iwe nzuri namna gani, ukiiweka kwenye ukuta wa mwingine, yeye ndiye anayeamua kama ni kadi au ni malapa.

Sasa rudi kwenye kurasa zako. Wewe umepigia mstari pesa: nani alimiliki hisa ngapi na mwaka gani. Mimi nimepigia mstari mahali pengine. Yule kijana Joyce Hall (nami nilidhani ni msichana mpaka ukurasa wa pili) aliingia Kansas City mwaka 1910, umri miaka 18, na maboksi mawili ya viatu yaliyojaa postikadi. Hakuwa na kiwanda. Alikuwa na maboksi, kisha akaja kaka yake Rollie. Januari 1915 moto ukateketeza kila walichokuwa nacho, wakabaki na deni la dola 17,000. Hapo wengi wangerudi kwao Nebraska. Wao wakakopa, wakanunua mitambo ya kuchapa, wakaanza kutengeneza kadi zao wenyewe. Kumbuka kwamba walikopa. Aliyewakopesha alitaka pesa zake zirudi na riba yake. Hakuomba kiti mezani.

Na mwaka 1928 wakaanza kuchapa jina Hallmark mgongoni mwa kila kadi. Hapo nilisimama nikaenda kunywa maji. Mgongoni mwa kadi, mahali ambapo hapaangaliwi na mtu! Wenye maduka wangeuliza nani atageuza kadi kusoma nyuma. Lakini mteja aliyezoea kugeuza akaanza kuliulizia jina, na mteja akishaulizia jina, mwenye duka hawezi tena kukupeleka kwenye mifagio. Baadaye kukawa na maduka yenye jina lao mlangoni. Hiyo ndiyo siri yao kwa maoni yangu, si hisa. Walikataa kuishi kwenye ukuta wa mtu.

Lakini haya, nijipinge mwenyewe kabla hujanipinga. Akina Sapirstein walifanya kinyume na bado walikua. Mzee Jacob, mhamiaji kutoka Poland, alianza mwaka 1906 kuuza postikadi kwa gari la farasi. Homa ile kubwa ya 1918 ilipomlaza, mwanawe Irving, mtoto wa miaka tisa, ndiye aliyeshika kazi. (Ndugu yako Wafula akiwa na miaka tisa alikuwa akinificha chenji, lakini tuache hayo.) Kampuni yao, American Greetings, waliingiza kwenye soko la hisa mwaka 1952, watu wa nje wakanunua, na familia ikaendelea kushika usukani. Mzee akaishi miaka zaidi ya mia, akaona yote. Kwa hiyo ukiniambia pesa za nje si sumu, siwezi kukuita mwongo.

Ila soma mpaka mwisho. Mwaka 2013 familia ilizinunua tena hisa zote kutoka sokoni ili kampuni iwe yao. Mwaka 2018 wakauza asilimia 60 kwa kampuni ya wawekezaji. Miaka mitano tu katikati! Nimekaa na jambo hilo jioni nzima. Mtu hanunui tena kitu chake kwa bei kubwa kama alikuwa na raha alipokigawa. Au labda walikuwa na raha, na dunia ya kadi ndiyo iliyobadilika chini ya miguu yao, watu wakaanza kutakiana heri kwa simu. Sijui ni lipi, na nikiendelea nitakuwa nasema ya watu wasionihusu.

Kwa sababu dunia ya kadi imebadilika hata hapa, wala si kosa la meneja yeyote. M-Pesa ilipoingia 2007, shangazi aliyekuwa akituma kadi yenye noti ya mia mbili ndani akaona noti inaweza kwenda bila kadi. Mwaka 2009 kiwanda cha karatasi cha Webuye kikafungwa, na baba mdogo wenu akarudi shambani na ujuzi wake wote. Mwaka 2016 ziara za wazazi na maombi ya watahiniwa katika muhula wa tatu yakapigwa marufuku kwa ajili ya wizi wa mitihani, jambo ambalo mimi kama mzazi niliona lina sababu, na kama mchapaji lilininyima usingizi. KCPE nayo, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023, watoto zaidi ya milioni moja, na baada yao soko lile likaisha. Nyinyi mmebaki na kadi za harusi, kadi za michango, na vijitabu vya mazishi. Siwalaumu. Wakenya wataendelea kuchangishana na kuzikana, na kijitabu cha mazishi hakitumwi kwa simu. Kinashikwa mkononi na kuwekwa kabatini.

Nilitaka nikwambie habari ya Posta, maana umeniuliza familia huwezaje, na hilo nalijua bila kusoma.

Mwaka uliofuata ule wa malapa, baba yenu alikataa kuingia supamaketi yoyote. Tukaweka meza nje ya Posta. Kadi, bahasha, kalamu zilizofungwa kwa kamba, gundi. Mtu ananunua, anaandika hapo hapo, anaingia ndani kununua stempu, anatumbukiza. Wewe ulikuwa darasa la saba na mwandiko wako ulikuwa tayari mzuri kuliko wangu, hivyo wasiojua kuandika walikuja kwako. Wafula alishika pesa na kuita watu, na sauti aliyokuwa nayo ilifika ng'ambo ya barabara. Unamkumbuka mzee wa Subukia mwenye koti la mvua? Alichagua flamingo ambaye mdomo wake ulikuwa umekaa sawasawa, akazipekua nyingi mpaka akampata. Ukamwuliza tumwandikie nini mjukuu wake. Akafikiri, akasema: "Mwambie ng'ombe hatujamwuza bado." Ukanitazama. Nikakwambia andika alivyosema. Ukaandika chini ya maneno yetu yaliyochapwa ya kumtakia mafanikio, na mzee akaomba asomewe tena, kisha akaomba wino ukauke kabla ya kufunga bahasha.

Msimu ule tuliuza mpaka tukakosa bahasha. Na haikuwa kwa sababu ya mashine wala mtaji. Ilikuwa kwa sababu wewe uliandika na Wafula aliita, na hakuna kati yenu aliyetaka kazi ya mwenzake. Akina Hall nao, jinsi ninavyowasoma, ndivyo walivyokuwa: Joyce na kadi zake, Rollie na mauzo, kisha ndugu yao William akaja mwaka 1921. Tena sikiliza hili, maana nadhani hukuliwekea mstari. Kuanzia 1986 hadi 2001 kampuni yao iliongozwa na mtu asiye wa familia, Irvine Hockaday. Familia ikabaki na mali, mgeni akaendesha kazi. Na wafanyakazi wamekuwa wakipata sehemu ya faida tangu 1956. Kwa hiyo kuna njia ya kumleta mgeni ndani bila kumkabidhi ukuta. Mwajiri. Mlipe vizuri. Lakini najua utasema, "Mama, tutamlipa na nini?" Ni kweli. Mashine ya baba yenu imechoka, na benki za siku hizi si yule aliyemkopesha Hall. Ndiyo hapo nakwama kila nikifikiria.

Sasa neno ambalo hukuniuliza. Katika barua yako yote sijaona Wafula anasemaje. Umeandika anayotaka yule bwana, anayosema mhasibu, wanachosema wa Kansas City. Ndugu yako anakaa chumba kinachofuata na mashine, na nimelazimika kumpigia simu nijue kama anajua. Anajua nusu. Alinyamaza, na wewe unajua Wafula akinyamaza ni nini.

Mimi ninalo jibu langu, na limenikaa kwenye ulimi tangu jana. Sitalisema. Baba yenu aliwaachia nyinyi wawili, hakuniachia mimi, na nikilisema sasa mmoja wenu atalitumia kumpiga mwenzake. Ingawa, kusema kweli, asilimia 40 ni nyingi kwa mtu ambaye hajawahi kufunga bahasha. Haya, nimeishia hapo, hilo si jibu.

Njooni Jumamosi, wote wawili kwa gari moja, mje na ile rasimu ya mkataba ambayo umenitajia bila kunionyesha. Nitapika kuku wa kienyeji na obusuma, ugali wetu, na karatasi zitasomwa kabla ya kula, kwa sababu nawajua mkishashiba. Na kabla ya hapo mpigie yule bwana umwulize jambo moja tu: kadi zitakazouzwa Eldoret na Kisumu zitachapwa jina la nani mgongoni? Uniandikie atakavyojibu kwa maneno yake mwenyewe, si kwa muhtasari wako.

Ni mimi,
Mama yako