Usiite kila kitu "hali"

Nilipoanza kutengeneza mfumo wa mnada wa mtandaoni kwa ajili ya wauzaji wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, nilikuwa na klasi (kiolezo cha kuundia vitu ndani ya programu) moja ya Bidhaa, na ndani yake fildi (nafasi ya kuweka taarifa moja) niliyoipenda kwa ufupi wake: hali. Bidhaa ikiwekwa leo, hali inajiandika "mpya". Ikipata mnunuzi, "imeuzwa". Baadaye wauzaji wakataka kueleza vitu vyao vimechakaa kiasi gani. Nikasema, fildi si ipo? Wakawa wanaandika humo humo: "imetumika", "mbovu", "mpya kabisa".

Mzee mmoja wa Uyole akachuja bidhaa "mpya" na kushinda mnada wa pampu ya kumwagilia. Ilipomfikia, tangi lilikuwa limeliwa na kutu na kamba ya kuwashia ina mafundo mawili. Akanipigia.

"Kijana wangu, upya wa hii pampu uko wapi?"

"Shikamoo baba. Ni mpya... kwenye mfumo."

"Viazi vyangu haviko kwenye mfumo."

Muuzaji hakudanganya. Pampu ilikuwa imewekwa asubuhi ile, basi. Kosa ni langu, ingawa Kiswahili nacho kilinisaidia kukosea: neno hili moja linabeba hali ya kitu, hali ya mnada, hali ya hewa na hali yako wewe uliyesalimiwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika mstari wowote, yape mambo haya majina tofauti. Mimi sasa nina uchakavu, ambao ni wa bidhaa, na hatua, ambayo ni ya mnada: unasubiri, uko wazi, umefungwa. Na hatua haikai kwenye Bidhaa hata kidogo, inakaa kwenye klasi ya Mnada, maana pampu ile ile inaweza kunadiwa mara tatu bila kuongeza hata mkwaruzo.

Usikimbilie urithi pia, yaani klasi ndogo zinazochukua sifa za klasi mama. Nilijaribu BidhaaMpya na BidhaaIliyotumika. Zilipendeza kwenye karatasi tu. Katika lugha ya programu ya Java, objekti (kitu kilichoundwa kutokana na klasi) ikishazaliwa haibadili klasi yake, lakini muuzaji akifungua boksi "ajaribu kidogo", bidhaa imeshabadilika.

Tumia enamu, yaani orodha maalumu ya thamani zinazoruhusiwa. Java inazo tangu toleo la 5 la mwaka 2004, na hata PHP ilizipata kwenye toleo la 8.1 mwaka 2021. Ila angalia unavyozihifadhi, hapa nililia. Nilikuwa na MPYA, IMETUMIKA, YA_SPEA. Sasa JPA (njia ya Java ya kuhifadhi objekti), usipoiambia vingine, huandika kwenye kanzidata namba ya nafasi: 0, 1, 2. Siku moja nikachomeka IMEREKEBISHWA baada ya MPYA. Usiku huo huo kila simu iliyotumika ikawa "imerekebishwa", na vimeo vyote vya kutoa spea vikapanda cheo vikawa "imetumika". Hifadhi jina, au namba unayoipanga mwenyewe. Soko la mtandaoni la eBay wanatumia 1000 kwa kitu kipya, 3000 kwa kilichotumika na 7000 kwa kibovu au cha spea. Kati ya namba hizo kuna nafasi ya kutosha kuongeza daraja jingine bila kusogeza lililopo.

Jambo jingine: dau la kwanza likishawekwa, funga uchakavu. Fanya objekti yake isiyobadilika, yenye daraja, orodha ya kasoro na tarehe. Muuzaji akigundua ufa mpya, anaandika taarifa nyingine na waliotoa dau wanajulishwa. Ile ya mwanzo inabaki kama ushahidi. Bila hivyo utakuwa hakimu kila Jumatatu.

Kasoro zenyewe hutegemea aina ya bidhaa. Simu tunauliza kioo, betri, kama imewahi kufunguliwa na fundi. Pampu tunauliza inawaka baada ya kuvutwa mara ngapi. Swali hilo alilipendekeza mzee wa Uyole, siku aliponirudishia ile ya kwake.