Nimemwombea Mwanangu Miaka Tisa: Je, Imani Yangu ni Haba?

SWALI

Mchungaji, nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kayole na nauza mitumba Gikomba. Kifungua mimba wangu alianza kunywa pombe akiwa chuoni, na huu ni mwaka wa tisa nikimwombea. Nimefunga, nimekesha, na jina lake nimeliandika kwenye karatasi za maombi hata nimepoteza hesabu. Kila usiku humwekea ugali na sukuma wiki, nikafunika kwa sahani nyingine, kisha nikakaa sebuleni kusikiliza lango. Mara nyingi chakula hicho hukila mimi asubuhi, kikiwa baridi, kabla sijatoka kwenda sokoni.

Mwezi uliopita, katika kesha moja, mhubiri aliniambia mbele ya watu kwamba tatizo si mwanangu bali ni imani yangu haba, na kwamba nikipanda mbegu ya shilingi 10,000 mlango utafunguka. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mungu maneno ya hasira ambayo naogopa hata kuyarudia. Dada yangu anataka tumpeleke kijana hospitali, lakini wenzangu wa kikundi cha maombi wanasema kwamba kufanya hivyo ni kukiri kuwa Mungu ameshindwa. Je, niendelee kusubiri, au kuna mahali nimekosea?

Mama wa Kayole, Nairobi

JIBU

Mama mpendwa, barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila mara nimesimama pale penye sahani iliyofunikwa. Mtu aliyeishiwa imani hafuniki chakula cha mtu ambaye huenda asirudi. Nalitanguliza hilo kwa sababu ulichoambiwa kwenye kesha kilikuumiza, na tena hakikuwa kweli.

Huenda mhubiri huyo alikuwa akilifikiria lile neno la Mathayo 17:20, ambapo Yesu anasema, "Kwa sababu ya upungufu wa imani yenu." Neno hilo limo katika Biblia na sina haki ya kulipunguza makali. Lakini tuangalie liliambiwa nani. Baba mmoja alikuwa amemleta mwanawe mgonjwa, kijana aliyekuwa akianguka mara nyingi motoni na mara nyingi majini; wanafunzi wakajaribu kumponya wakashindwa, na walipomwuliza Yesu faraghani sababu ya kushindwa kwao, ndipo akawajibu kuhusu upungufu wa imani. Waliokemewa walikuwa wale waombeaji. Mzazi hakuambiwa neno hilo. Habari hiyo hiyo imo katika Marko 9, na huko tunamwona Yesu akimwuliza baba yule, "Amepatwa na haya tangu lini?" Naye akajibu, "Tangu utoto." Yaani kabla ya kumponya mtoto, Bwana alitaka kusikia kutoka kinywani mwa mzazi mateso yale yalikuwa yamedumu muda gani. Miaka yako tisa, mama, ni jambo analoliuliza. Kisha baba yule akapaza sauti, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Hiyo ilikuwa imani iliyochanganyika na shaka, tena aliitamka hadharani, na kijana wake akainuliwa siku ile ile bila baba kurudishwa nyumbani akaiongeze kwanza.

Kuhusu mbegu ya shilingi 10,000, usiitoe. Sadaka ni shukrani, na ukitoa kwa moyo mkunjufu unabarikiwa, ila majibu ya maombi hayana bei. Simoni wa Samaria alipotaka kuinunua karama ya Mungu, Petro alimjibu kwa ukali, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe" (Matendo 8:20). Najua shilingi 10,000 ni marobota mangapi ya jasho kwa mtu wa Gikomba, na inanihuzunisha kwamba mtu aliyasikia machozi yako akayawekea bei.

Sasa nije kwenye kungoja kwenyewe. Watu wengi wakiona mwenzao anateseka humwambia upesi kwamba subira huvuta heri, wakaondoka. Subira ya Biblia haikai kimya namna hiyo. Katika Luka 18 Yesu alitoa mfano ili tujue kwamba imetupasa kumwomba Mungu sikuzote wala tusikate tamaa, na mfano wenyewe ni wa mjane anayemrudia kadhi asiyemcha Mungu wala kujali watu, anarudi na kurudi, mpaka kadhi anasema atampatia haki yake asije akamchosha. Mungu hafanani na kadhi huyo, na hiyo ndiyo hoja ya mfano: ikiwa hata mtu dhalimu hatimaye alisikia, itakuwaje kwa Baba? Lakini mimi humtazama zaidi yule mjane. Aliyejua kupanga foleni katika ofisi za mji huu, akaambiwa aje kesho, na kesho akaambiwa faili halionekani, anamfahamu mama huyo barabara. Kila alipojitokeza mlangoni tena, kule kujitokeza kwake kulikuwa ndiyo imani yake.

Yuko mama mwingine ningependa umfahamu, maana ni Mwafrika kama wewe na alilia kwa sababu kama yako. Mtakatifu Monika aliishi Thagaste, katika nchi tunayoiita leo Algeria, na mwanawe Augustino, aliyezaliwa mwaka 354, aliiacha imani ya mama yake akaishi kwa kufuata tamaa na mafundisho ya Wamani, kundi la kidini la nyakati zile. Monika alimwombea kwa takriban miaka 17. Mwaka 383 Augustino alikata shauri kwenda Roma, na mama akamsihi Mungu amzuie, kwa kuwa aliamini huko ndiko atakakopotea kabisa. Kijana alimdanganya kwamba anamsindikiza rafiki bandarini, akapanda merikebu usiku, huku mama amekesha akiomba katika kanisa dogo karibu na bahari. Asubuhi alikuta chombo kimekwisha ondoka. Ombi la usiku ule, kwa maneno aliyolitamka, lilikataliwa. Lakini safari ile ile ndiyo iliyomfikisha Augustino Milan, akamsikia Askofu Ambrosi akihubiri, na kwenye Pasaka ya mwaka 387 akabatizwa, mama yake akishuhudia. Monika alifariki mwaka huo huo. Inafaa pia ujue kwamba yeye mwenyewe alipokuwa msichana alizoea kuonja divai kwa siri kila alipotumwa kuiteka pipani, mpaka kijakazi mmoja alipomwita mlevi wakigombana, akaona aibu akaacha. Aliwajua walevi kwa ndani.

Sikusimulii haya ili nikuahidi kwamba mwaka wako wa 17 utakuwa na ubatizo. Siwezi kuahidi hivyo. Mtume Paulo alimsihi Bwana mara tatu amwondolee mwiba katika mwili, na jibu alilopata ni, "Neema yangu yakutosha." Tena kumwombea mtu ni tofauti na kuomba mvua, kwa kuwa mvua haina hiari ya kukataa. Mungu anaweza kumfuata mwanao hadi kwenye kibanda cha pombe, akamsumbua moyo, akamletea mtu wa kusema naye, akamhifadhi barabarani usiku. Lakini hamwingilii mtu kwa kuvunja mlango. Yale yasiyoonekana usiyahesabu kuwa hayakufanyika.

Kwa habari ya hospitali, namuunga mkono dada yako bila kusita. Mfalme Hezekia alipougua, aliomba kwa machozi, na Mungu akamtumia Isaya kumwambia kwamba maombi yake yamesikiwa. Katika sura hiyo hiyo, 2 Wafalme 20, Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu, mfalme akapona. Hakuna aliyesema kwamba tini zile zilikuwa ushahidi wa kushindwa kwa Mungu. Naye Luka, aliyetuandikia ule mfano wa mjane, Paulo anamwita "tabibu mpendwa."

Hapa nina onyo ambalo naomba ulifikishe kwa kikundi chenu. Msimfungie kijana chumbani ili afunge na kuombewa mpaka pombe imtoke. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kutetemeka, mtu akachanganyikiwa, akapatwa na degedege, na wako wanaokufa. Kuacha kwa namna hiyo kunahitaji daktari. Hospitali ya Mathari ina kitengo cha kuwasaidia walionaswa na vileo, na NACADA, shirika la serikali la kupambana na pombe na dawa za kulevya, ina simu ya bure, nambari 1192, ambayo hata mzazi anaweza kuipiga aulize pa kuanzia, kijana akiwa bado hajakubali kwenda. Wenzako waombe, tena waombe siku hiyo ya kwenda, na mmoja wao akusindikize ukae naye kwenye benchi la kungojea.

Limebaki lile la hasira, ambalo uliliandika kama mtu anayeungama. Fungua Zaburi ya 13, ambayo ina aya sita tu. Daudi anauliza "hata lini" mara nne mfululizo, na ya kwanza ni hii: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Maneno hayo yamewekwa katika Biblia ili watu wa Mungu wayatumie wanapoomba, kwa hiyo sidhani kwamba ulichosema usiku ule kilimshtua. Ungekuwa umekata tamaa ungemnyamazia. Leo usiku, ukishafunika sahani, isome zaburi hiyo kwa sauti, na utakapofika penye "adui yangu" itaje pombe kwa jina lake. Kisha mwachie mwanao ufunguo wa lango, ukalale, kwa maana Jumatatu asubuhi wewe na dada yako mnatakiwa muwe mmefika hospitali mapema.