Mdogo wangu, kichupa hicho usikifungue

Ujumbe ulioingia juzi unatoka kwa kijana wa Mwanga, Kigoma, anayecheza mpira na jioni anapiga chuma. Ameuziwa kichupa cha mililita 10 chenye mafuta ya manjano, lebo inasema testosteroni, yaani homoni ya kiume, miligramu 250 kwa kila mililita. Muuzaji amemwambia achome mililita 2 kila wiki. Wamechanga hela watu wanne, kichupa kimoja. Anauliza: "Kaka, nichome paja au tako?"

Usichome popote. Piga hesabu ya lebo hiyo: mililita 2 ni miligramu 500. Mwanamume mzima mwenye afya hutengeneza kama miligramu 5 hadi 7 kwa siku, hata 50 kwa wiki hazifiki. Umepangiwa mara 10 ya ulichonacho, tena kama lebo inasema kweli, maana dawa hizi za mkono kwa mkono mara nyingi ndani hazina kilichoandikwa nje.

Ubongo ukikuta homoni imefurika kwenye damu, unaacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Zinasinyaa, mbegu zinapungua, wengine zinakwisha kabisa. Ukiacha sindano, hazizinduki siku hiyohiyo. Huchukua miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka, na wapo ambao hawarudi walivyokuwa. Katika kipindi hicho hamu ya tendo la ndoa inakufa, usingizi unakatika, huzuni nzito inakaa kifuani. Hapo ndipo wengi wanarudi kwenye sindano, wakikimbia unyonge ule kuliko kutafuta misuli.

Sehemu ya homoni hiyo mwili unaigeuza estrojeni, homoni ya kike. Utaanza kusikia chuchu inawasha chini ya jezi, halafu kifundo kigumu kama punje ya maharage, ukikibonyeza kinauma. Kikishakomaa hakiondoki kwa kuacha dawa, kinatolewa kwa upasuaji.

Ila kinachonitisha zaidi ni moyo, kwa kuwa hauonekani kwenye kioo cha jimu. Lehemu (kolesteroli) nzuri, ile inayoandikwa HDL kwenye majibu, inaporomoka. Mbaya inapanda, na presha nayo. Chembe nyekundu zinaongezeka mpaka damu inakuwa nzito na rahisi kuganda. Hata mgonjwa anayepewa testosteroni na daktari husimamishiwa dawa hematokriti yake, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikivuka asilimia 54. Ukuta wa moyo upande wa kushoto unanenepa, mapigo yanaweza kuvurugika, na kijana anaanguka uwanjani watu wakisema ni jua.

Vidonge navyo si salama zaidi. Stanozololi na methandienoni, steroidi za kujenga misuli za jamii ya testosteroni, vimetengenezwa ili ini lisivivunje haraka, kwa hiyo mzigo wote unalibakia ini. Macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, mwili kuwasha: acha siku hiyohiyo, nenda hospitali. Stanozololi ndiyo iliyomvua mkimbiaji wa Kanada Ben Johnson medali ya mita 100 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, baada ya kukimbia sekunde 9.79.

Kuna jambo jingine linaniuma. Vijana wengi wakisikia "steroidi" wanakwenda kununua deksamethasoni, vile vidonge vya kunenepa. Hiyo ni steroidi ya ukoo mwingine kabisa! Uso unavimba, sukari inapanda, kinga inashuka, na misuli yenyewe inaliwa. Kama umeitumia wiki kadhaa usiikate ghafla, maana tezi za juu ya figo zimelala na unaweza kuzimia. Daktari akupunguzie kidogo kidogo.

Turudi kwenye testosteroni na jamii yake. Wa chini ya miaka 18, mifupa inaweza kuacha kurefuka mapema ukabaki na kimo ulichonacho. Dada zetu wanaocheza mpira, sauti ikishakuwa nzito hairudi.

Misuli inatafutwa jikoni. Mwenye kilo 70 anayepiga chuma anahitaji protini gramu 112 hadi 140 kwa siku. Dagaa wetu wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Samaki mgebuka mbichi ana kama gramu 20 katika kila gramu 100, yai moja gramu 6. Ongeza maharage na usingizi wa saa 8, uvumilie miezi.

Kama mmeshachoma, mmoja wenu au wote, msimfiche daktari. Pimeni presha, picha kamili ya damu, lehemu, ini na figo. Kwa kuwa mlichangia kichupa, ongezeni kipimo cha VVU na homa ya ini B na C: sindano iliyotumika ikirudi ndani ya kichupa, hata bomba likiwa jipya kwa anayefuata, mafuta yameshachafuka. Na kabla ya kipimo cha ini pumzikeni chuma siku 7. Mazoezi mazito peke yake hupandisha ALT na AST, vimeng'enya vinavyopimwa kujua hali ya ini, kwa hiyo mwombeni daktari aongeze GGT, kimeng'enya kingine cha ini, ambacho hakipandi kwa sababu ya misuli.