Mifuko mingapi ya saruji kwa jamvi la uani? Anza na kina

Miaka sita iliyopita, Jumapili alasiri, fundi alinijia jikoni zege limemganda mpaka kwenye viwiko. Akaniambia, "Mama, saruji imeisha." Nikatoka kuangalia. Baraza yetu ya uani, jamvi (sakafu ya zege) la mita 5 kwa 4, ilikuwa imemwagwa vizuri kutoka ukutani mwa nyumba, halafu ikakatika. Upande wa mwisho ulibaki ukanda wa mita moja hivi, upana wote, kifusi kitupu. Kwetu Kigamboni maduka ya vifaa vya ujenzi yalikuwa yameshafunga. Nilichukua bajaji nikazunguka mpaka nikapata mifuko mitatu, nikarudi jua linazama. Kingo ya zege la asubuhi ilikuwa imeshakaza. Fundi akaunganisha hivyo hivyo, na ile sehemu ya mwisho akaivutavuta kwa kuzidisha mchanga. Haikupita miezi miwili ufa ukafunguka pale pale kwenye maungio, na mpaka leo maji ya kufulia hupenya hapo.

Hesabu ya mifuko nilikuwa nimeifanya mwenyewe, na kwenye karatasi ilikuwa sahihi. Mita 20 za mraba kwa unene wa sentimita 10 ni mita 2 za ujazo, mifuko 13 inatosha. Kosa lilikuwa chini ya miguu yetu. Kona moja palikuwa na shimo la zamani la takataka tulilolijaza kifusi bila kushindilia sawasawa, na uwanja wenyewe ulikuwa umeinamia upande huo. Wastani wa kina ulikuwa sentimita 13, si 10. Sentimita tatu unaziona kidogo, lakini kwenye uwanja wa ukubwa ule zilikula zaidi ya nusu mita ya ujazo, yaani mifuko mitatu na zaidi.

Ndiyo maana mtu akiniuliza siku hizi "jamvi la mita kadhaa litakula mifuko mingapi", na mimi namuuliza: umepima kina mara ngapi? Urefu na upana kila mtu anavipima. Kina tunakiamini tu kwa sababu fundi amesema "inchi nne", yaani sentimita 10 hivi.

Mwaka jana tulimwaga jamvi la pili, mita 6 kwa 4, mahali pa kuanikia na kufulia. Safari hii nilisubiri kifusi kimwagiwe maji na kushindiliwa mpaka kisigino hakizami, mbao za pembeni zikapigwa na kusawazishwa kwa pima maji. Kisha nikavuta kamba kutoka ubao mmoja hadi wa pili, nikashuka na futi kamba kila baada ya mita moja, nikaandika. Sentimita 9, 11, 12, 10, 14... Nilipima sehemu 20, nikajumlisha, nikagawa kwa 20, nikapata 11.2. Pale penye 14 tuliongeza kifusi, lakini hesabu niliiacha kwenye 11.2, maana kifusi kipya hushuka tena watu wakianza kukikanyaga na matoroli. Mita 24 za mraba mara 0.112 ni mita za ujazo 2.69. Kwa kudhania sentimita 10 ningepata 2.4. Angalia hizo mbao pia: ubao unaouzwa kwa jina la inchi nne mara nyingi ukiupima haufiki. Upime kabla hujauamini.

Sasa vifaa. Kwa jamvi la kawaida linalokaa juu ya ardhi, mafundi wengi wanatumia moja kwa mbili kwa nne: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Hapa ndipo wengi wanaojipigia hesabu nyumbani wanapopotea. Wanajumlisha sehemu saba, wanagawa ujazo wa jamvi kwa saba, na kwa kuwa mfuko ni lita 35 wanapata mifuko kumi kwa jamvi la mita za ujazo 2.4, wanafurahi. Halafu saruji inaisha jamvi likiwa limebaki theluthi.

Jaribu kitu kimoja uone sababu. Chukua ndoo mbili za kokoto na ndoo moja ya mchanga mkavu, changanya chini vizuri, kisha zoa mchanganyiko urudishe kwenye ndoo. Hautapata ndoo tatu. Mchanga umejificha kwenye nafasi zilizokuwa katikati ya kokoto. Saruji nayo hujificha katikati ya chembe za mchanga, na maji yakiingia vyote vinazidi kushikana. Kwa hiyo ujazo wa vifaa vikavu lazima uwe mkubwa kuliko ujazo wa zege unalolitaka. Kipimo kinachotumika ni kuzidisha kwa 1.54, halafu ndipo ugawe kwa saba.

Ukishafanya hivyo mara moja huna haja ya kurudia. Mita moja ya ujazo ya zege la 1:2:4 inakula mifuko 6.3 ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 0.44 na kokoto 0.88. Namba hizo nimeziandika kwa kalamu ya rangi nyuma ya mlango wa stoo. Kwa jamvi langu la 2.69 nilipata mifuko 17, mchanga 1.18 na kokoto 2.37. Nikaongeza kama sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kinachomwagika na kinachobaki chini kwenye udongo, ikawa mifuko 19. Mchanga niliuongeza zaidi ya hapo, kwa sababu mchanga wenye unyevunyevu huvimba. Mita moja ya ujazo ya mchanga uliolowa kidogo ukikauka unaweza kupungua hata robo, kwa hiyo ulichonunua si chote mchanga, kingine ni hewa.

Kama huna karatasi karibu, kumbuka tu kwamba mfuko mmoja wa saruji, kwa mchanganyiko huo na unene wa sentimita 10, unatoa kama mita moja na nusu ya mraba ya jamvi.

Kununua mchanga na kokoto kunahitaji macho. Vinauzwa kwa tripu, na tripu si kipimo. Mita moja ya ujazo ya mchanga ina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, kwa hiyo kirikuu haiwezi kukuletea mita nzima hata dereva akiapa. Kenta ikifika, kabla haijamwaga, panda na futi kamba upime bodi: urefu, upana, na kimo cha mchanga wenyewe, si cha bodi. Zidisha papo hapo. Dereva hatachukia, wengi wanakuheshimu zaidi.

Na kabla hujalipa mchanga, chukua chupa ya maji tupu inayopitisha mwanga, tia mchanga kama sentimita 10, ongeza maji na kijiko cha chumvi, tikisa kwa nguvu, kisha iache itulie kwa saa kadhaa. Mchanga utakaa chini na udongo utakaa juu yake kama tabaka la kahawia. Tabaka hilo likizidi unene wa milimita sita au saba, mchanga ule una udongo mwingi, utakula saruji na jamvi litatoa vumbi kila ukifagia. Mimi nilikataa mzigo mmoja kwa chupa hiyo hiyo, tukaletewa mwingine wa mtoni. Mchanga wa baharini usiuguse, hata ukiishi hatua kumi kutoka ufukweni kama sisi. Chumvi yake inakula nondo na kuacha weupe sakafuni.

Tukaja kwenye kupima wakati wa kukoroga. Fundi wangu wa mwaka jana ni mtu mzima, kazi anaijua, aliniambia kwa upole, "Mama, sisi tumezoea toroli." Nikamwomba tuijaze toroli yake kwa ndoo za lita 20 tuone inabeba ngapi. Ikijazwa sawa na ukingo ilichukua ndoo tatu na kidogo, ikirundikwa kama vijana wanavyoirundika ilikaribia tano. Toroli mbili za kijana mmoja si sawa na toroli mbili za mwingine. Tukakubaliana tutengeneze sanduku la mbao lisilo na kitako: ndani urefu sentimita 40, upana 35, kimo 25. Hizo ni lita 35, na ndizo lita za mfuko mmoja wa saruji. Kwa hiyo kila mfuko, sanduku mbili za mchanga na nne za kokoto, unasawazisha juu kwa kipande cha ubao, unanyanyua, linabaki fungu. Ukikosa sanduku tumia ndoo: kwa mfuko mmoja mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba.

Maji yapimwe pia. Mfuko mmoja unataka lita 25 mpaka 28, na mchanga ukiwa umelowa punguza hapo. Vijana wanapenda zege linalotiririka kama uji kwa sababu halichoshi mikono, lakini maji yaliyozidi yakikauka yanaacha matundu, na jamvi linakuwa dhaifu hata kama saruji ilitosha. Nilikaa karibu na pipa siku nzima kwa ajili ya jambo hilo tu. Weka akiba ya maji mapema: kwa mifuko 19 tulihitaji karibu lita 500 za kukorogea, mbali na ya kuoshea vifaa. Kwetu bomba huwa linakata, tulijaza mapipa tangu juzi yake.

Kilichonipa amani kuliko vyote ni kugawa uwanja. Jamvi la sentimita 10 hupasuka lenyewe likiwa pana sana, kwa hiyo inashauriwa vipande visizidi mita tatu kila upande. Tuliligawa letu mara nne kwa mbao, kila kipande mita 3 kwa 2, na kila kipande nikakipa hesabu yake: mifuko minne na robo. Ukimaliza kipande cha kwanza, hesabu mifuko mitupu. Ikiwa mitano au sita wakati ulitarajia minne na kidogo, unajua saa nne asubuhi kwamba hautafika, na maduka yako wazi. Na ikitokea balaa, mvua au fundi kuugua, unasimamisha kazi kwenye ubao, mahali ambapo maungio yalipangwa yawepo, si katikati ya sakafu kama ilivyonitokea kwenye baraza. Kipande chetu cha kwanza kilikula mifuko minne na nusu. Nikatulia. Mpaka jioni tulikuwa tumetumia mifuko kumi na saba na nusu.

Mengine nayapitia haraka. Tandaza nailoni nyeusi chini ya zege na uipandishe kingo moja juu ya nyingine, la sivyo ardhi kavu itanyonya maji ya zege. Zege lililokorogwa limwagwe na kusawazishwa ndani ya muda wa saa moja, msikoroge rundo kubwa halafu mkaenda kula. Kama gari litapita, sentimita 10 hazitoshi, nenda 15 na wavu wa chuma, na hesabu ya mifuko ibadilike. Na haya yote ni ya jamvi linalolala juu ya ardhi. Slabu ya juu, ile inayobebwa na nguzo na mihimili, mtafute mhandisi. Watu wanakaa chini yake, tafadhali usiikadirie kwa makala ya mtandaoni, hii yangu ikiwemo.

Saruji iliyobaki, mfuko mmoja na nusu, ule nusu tuliutumia siku ile ile kutengeneza kifuniko cha chemba. Kalibu yake tulikuwa tumeshaiandaa pembeni tangu asubuhi. Mfuko mzima niliuweka juu ya mbao, mbali na ukuta, nikaufunika nailoni, na nikautumia kabla ya miezi mitatu. Jamvi nalo tulilifunika magunia kesho yake asubuhi, na kwa siku saba mwanangu mdogo alikuwa na kazi ya kuyamwagia maji kabla ya kwenda shule na baada ya kurudi.